Kilo Sitini na Mbili

Mtaani Saio, mjini Bunia, kuna mwalimu wa hesabu ambaye wadogo kwa wakubwa humwita Piloti. Akipita asubuhi kwa baiskeli, humsalimu hivyo bila kucheka. Jina limemkaa miaka mingi mpaka utani wote umechujuka, likabaki jina tu. Mgeni akimwuliza aliendesha ndege gani, mwalimu hujibu kwa upole, "Zilibaki dakika thelathini na tano," kisha humwuliza mgeni habari za safari yake.

Jina alilobatizwa ni Aimé. Kuna siku moja katika maisha yake, siku ya mwezi wa tano mwaka elfu mbili na tatu, ambayo siku nyingine zote zimekuja kuketi kandokando yake kama watu waliokuja matangani. Lakini ili mtu aielewe siku hiyo, lazima kwanza ajue jinsi kijana huyu alivyoitaka anga, na mara ngapi anga ilimkataa.

Alianzia Goma. Alipomaliza sekondari na kufundisha mwaka mmoja Bunia, aliingia katika shule ndogo ya urubani iliyokuwa na ndege moja kuukuu na wanafunzi wanne. Mwalimu wao, Papa Hubert, alikuwa mtu mfupi mwenye nywele nyeupe, aliyeendesha ndege tangu enzi za Zaire, na alikuwa na namna yake ya kufundisha. Mwanafunzi akikosea angani, Papa Hubert hasemi. Huondoa mikono yake kwenye usukani, huiweka juu ya magoti, hutazama mbele. Ndege inainama, sindano za vipimo zinacheza, na mzee amenyamaza kama mtu aliye kanisani. Humngoja mwanafunzi aone mwenyewe. Hatari ikikaribia kabisa, ndipo hunyoosha kidole kimoja na kurekebisha.

"Papa, juu ya nini husemake?" Aimé alimwuliza sababu, siku ya kwanza waliposhuka.

"Siku utakuwa peke yako, nani atakusemea?" mzee akajibu. "Nikikuambia, utakuwa umesikia miye. Nataka usikie ndege."

Aimé alikuwa amefikisha saa kumi na tisa angani wakati mlima wa Goma ulipopasuka, mwezi wa kwanza wa mwaka elfu mbili na mbili. Moto ulishuka polepole hadi mjini, ukapita juu ya nyumba, ukalala juu ya kiwanja cha ndege. Ofisi ya shule ikaungua pamoja na vitabu vya saa, vile ambavyo kila mwanafunzi huandikiwa kila dakika aliyokaa angani. Bila kitabu hicho mtu haitwi kwenye mtihani. Ni kana kwamba hajawahi kuinuka ardhini. Aimé alirudi Bunia akiwa na viatu alivyovaa na ufunguo wa chumba ambacho hakikuwapo tena.

Papa Hubert hakumwacha. Alipopata kazi Bunia, katika kampuni ndogo yenye ndege moja ya injini mbili, alimchukua kijana awe msaidizi wake. Akamwandikia barua kwa mkono wake mwenyewe kwamba saa zile kumi na tisa alizishuhudia kwa macho yake. Kitabu kipya kikafunguliwa. Mkaguzi wa mitihani, aliyefika Entebbe, Uganda, mara mbili tu kwa mwaka, akaipokea barua ile: kijana akifikisha saa arubaini, aje ajaribiwe.

Sasa, kazi ya msaidizi katika kampuni ile haikuwa kuruka, ilikuwa kupima. Barabara za Ituri zilikuwa zimefungwa na vita, kwa hiyo kila aliyeweza alisafiri kwa ndege: wachuuzi, wagonjwa, masista, watu wanaokwenda kuzika. Pembeni mwa kiwanja palikuwa na mizani kubwa ya chuma iliyopimia magunia ya kahawa zamani, na kila abiria alipanda juu yake akiwa amebeba mzigo wake mikononi. Watu walijua kudanganya mizani. Wanawake walivaa vitenge vitatu kimoja juu ya kingine. Kuna mzee mmoja aliyefika na kabuti zito la mvua siku ya jua kali, na mifuko yake ikanuka samaki.

Wawili tu hawakupanda mizani ile, rubani na mwanafunzi wake. Walipimwa mara moja, siku ya kwanza ya kazi, na kilo zao zikajumlishwa na kilo za ndege na za mafuta, ikawa namba moja iliyoandikwa kwa chaki ndani ya mlango wa banda. Papa Hubert alikuwa kilo sabini na nane. Aimé alikuwa sitini na mbili. Toka siku hiyo walihesabiwa pamoja na mabawa na matairi, na hakuna aliyewafikiria tena kama mzigo.

Karibu na mizani, chini ya turubai la bluu, alikaa Mama Scholastique na birika lake la chai na beseni la mandazi. Alikuwa mjane wa Djugu aliyehamia Saio vita vilipoanza kuunguza vijiji, mama mnene mwenye sauti iliyosikika kuliko injini. Ni yeye aliyekuwa wa kwanza kumwita Aimé Piloti, wakati ambapo hata mama yake mzazi alikuwa anaona aibu kuwaambia watu kwamba mwanawe aliacha ualimu.

"Piloti! Kuya kunywa chai. Utapeleka ndege na tumbo ya bure?"

"Mama, siku moja upande ku mizani, tujue uko na kilo ngapi."

"Miye? Miko gunia ya kahawa?" Akageukia foleni ya abiria, mikono kiunoni. "Mumusikie huyu! Bwana yangu alinioa bila kunipima, wazazi hawakunipima, padri hakunipima. Mutoto wa jana njo anataka kunipima!"

Foleni yote ikacheka, na Aimé akacheka, na andazi la kwanza siku zote lilikuwa lake.

Alikuwa na moyo laini, na moyo laini haufai kwenye mizani. Siku moja walikwenda Ariwara kuchukua watu wa soko. Mama mmoja mchuuzi alimwomba aruhusu magunia mawili ya maharagwe zaidi. Alimwomba vizuri, akamwita mukwe wangu, akamchekesha. Aimé akaangalia pembeni, magunia yakaingia. Ndege ilikimbia, ikakimbia, mwisho wa kiwanja ukaja, nyasi zikapiga matairi, na mikono ya Papa Hubert haikuonekana magotini. Kwa mara ya kwanza Aimé alimwona mzee ameushika usukani kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imesimama. Waliupita mti wa mwisho kwa nafasi ambayo mtu angeweza kuipima kwa fimbo ya kutembelea.

Walitua Bunia, mzee akazima injini.

"Miezi minne," Papa Hubert akasema, akivua miwani. "Miezi minne hutaingia mu kiti changu cha kuume. Utabaki hapa, upime. Ukijua kusema hapana, utarudia."

Ile miezi minne ndiyo iliyomkosesha mtihani wa mwezi wa kumi na moja. Mkaguzi alikuja Entebbe, akakaa siku tatu, akaenda zake. Aimé alipima. Alijifunza kuisoma sindano kama watu wanavyosoma maandiko, bila kuongeza wala kupunguza. Walimlilia, akasema hapana. Walimtukana, akasema hapana. Mama Scholastique alimtazama akiwa chini ya turubai lake, na siku moja alimpa andazi bila kumtania.

"Umeanza kuwa na uso ya mukubwa wa ofisi," alisema tu.

Aliporudishwa kwenye kiti cha kuume alikuwa mwanafunzi mwingine kabisa. Mikono ilitulia, jicho likawa kali. Papa Hubert aliweka mikono magotini mara chache zaidi, na saa zikaongezeka taratibu: thelathini, thelathini na nne. Mwanzoni mwa mwezi wa tano zilikuwa thelathini na nane kamili. Zilibaki mbili, na mkaguzi alikuwa njiani kuja Entebbe.

Wiki hiyo ndiyo askari wa Uganda walikuwa wanaondoka Bunia. Kila mtu mjini alijua maana yake. Makundi yenye silaha yalikuwa vilimani na mitaani, kila moja likingoja mgongo wa askari wa mwisho, na watu walianza kuulizana kabila kwa macho kabla ya kusalimiana. Wiki ile kutoka Djugu kulitosha kumwua mtu, kama vile wiki nyingine kutoka upande mwingine kulivyotosha. Mamia ya watu walikuwa wamelala kwenye nyasi za kiwanja cha ndege, magodoro vichwani, kuku wamefungwa miguu, kila mmoja akingoja nafasi ya kuondoka.

Papa Hubert alipanga safari ya mwisho: Bunia mpaka Beni na abiria, dakika hamsini, kisha Beni mpaka Entebbe bila abiria, saa moja na dakika ishirini na tano, kwa sababu ndege ilipaswa kuingia karakana kwa wiki nyingi. Aimé alikwisha kujumlisha moyoni mwake. Saa mbili na robo. Ingetosha, na robo ikabaki. Kesho yake asubuhi angekuwa mbele ya mkaguzi.

"Iko joto," mzee akasema saa tano na nusu, akitazama anga jeupe. "Na hii joto ndege haitabeba mingi. Abiria na mizigo, kilo mia tano na makumi mbili. Hata moja juu, hapana. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Aimé alipima sita. Mama aliyepimwa pamoja na mapacha wake wachanga, mzee mgonjwa wa figo, mwalimu na mkewe, sista mmoja, mchuuzi mmoja. Watu walisukumana nyuma ya kamba lakini yeye hakuinua macho kutoka kwenye sindano. Jumla ikawa mia nne na tisini na tano. Zilibaki ishirini na tano.

Hapo akasikia sauti anayoijua.

"Piloti. Leo nakubali. Nipime."

Mama Scholastique alikuwa amesimama mbele ya kamba na kifurushi kimoja cha kitenge. Birika hakuwa nalo, wala beseni. Alipanda mizani bila kungoja kuambiwa. Sindano ikaenda themanini na tisa. Aliitazama kwa pembe ya jicho, akatupa kifurushi chini. Themanini na tano. Akavua viatu, kimoja kimoja, akajishikilia kwenye bega la Aimé. Themanini na nne.

"Nikivua kingine, sista atakimbia," alisema, na mama wa mapacha akacheka, cheko fupi la mtu ambaye hakutarajia kucheka siku ile. "Inabaki ngapi?"

"Vingt-cinq, Mama."

"Vingt-cinq?" Alijitazama chini. "Vingt-cinq iko muguu yangu moja. Basi mubebe muguu, miye nibaki."

Aimé alirudi kwenye karatasi yake. Alisoma namba zake upya, kutoka juu kwenda chini, kutoka chini kwenda juu. Hakuna pa kupunguza. Mapacha? Mzee wa figo? Aliisoma karatasi ile kama mwanafunzi mwema, mwaminifu, aliyefunzwa na maharagwe ya Ariwara, na kila mara jibu lilikuwa lilelile.

"Binti yangu Honorine iko Oicha, unajua," alisema Mama Scholastique, sasa kwa sauti ya chini ambayo Aimé hakuwa ameisikia kwake. "Nikifika Beni tu, nitatembea. Jana walipita ku mulango yangu mara mbili, mutoto wangu. Waliuliza majirani natoka wapi."

Papa Hubert alikuwa anaizunguka ndege, akigonga matairi kwa kiatu. Aliyagonga yote. Kisha akaizunguka tena, polepole, akagonga matairi yaleyale, akafuta kioo kilichokuwa safi, akasimama kwenye bawa la kuume na kumtazama mwanafunzi wake.

"Hapana, Mama," Aimé akasema. "Mizani imekataa."

Uso wa mama yule haukubadilika sana. Aliinama akatafuta viatu vyake. Na Aimé, kwa sababu hakuweza kuutazama mgongo ule ulioinama, akaongeza neno ambalo hakuna aliyemwomba.

"Kesho nitakurudia. Unaisikia? Ungoje hapahapa. Kesho."

Alijua kwamba ndege haitarudi kesho. Alijua itaingia karakana. Alilisema tu kama mtu anavyomfunika mtoto nguo ili alale.

"Basi kesho," Mama Scholastique akasema, na akatabasamu. "Enda, Piloti. Usiangushe sista."

Aimé akapanda, akaketi kiti cha kuume, akafunga mkanda juu ya kilo zake sitini na mbili.

Hesabu ile ni ya darasa la tatu. Ishirini na tano kuongeza sitini na mbili ni themanini na saba. Themanini na saba ni zaidi ya themanini na nne, na kilo tatu zinabaki. Ndege ile ilihitaji rubani mmoja tu, na rubani alikuwapo. Leo Aimé huwafundisha watoto kujumlisha, na hata leo hajui: je, alisahau kweli kwamba yeye naye ana uzito, kwa kuwa alikuwa ameandikwa mlangoni kwa chaki pamoja na matairi? Au alikumbuka, mahali fulani chini ya moyo, akajifanya amesahau kwa ajili ya zile saa mbili? Amejiuliza mara nyingi mno, hata maswali yamechakaa, na majibu yote mawili humuumiza sawasawa.

Aliirusha ndege vizuri siku ile. Ilikuwa safari yake bora kuliko zote. Msitu ulipita chini yao, wa kijani na mzito, abiria walisali nyuma, na mikono ya Papa Hubert ilikuwa juu ya magoti tangu walipoinuka mpaka walipogusa ardhi ya Beni. Aimé aliona mikono ile, akashangaa, maana hakukosea kitu. Aliangalia sindano zote. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Huko Beni, abiria waliposhuka, mzee alifungua kitabu cha saa juu ya bawa. Aliandika tarehe. Aliandika safari ya Beni mpaka Entebbe, wakati wa kuondoka, akaacha nafasi ya kufika. Juu yake hapakuwa na kitu.

"Papa, umesahau ya Bunia."

"Sijasahau."

"Dakika hamsini, Papa. Miye njo nilipeleka. Toka mwanzo mpaka mwisho."

"Ulipeleka muzuri." Papa Hubert akafunga kalamu. "Lakini kutoka Bunia mpaka hapa ulikuwa abiria. Abiria wa saba. Na hukupimwa."

Aimé akafungua mdomo, na ndipo namba zikamjia, zote kwa pamoja. Ishirini na tano na sitini na mbili. Alishika ukingo wa bawa. Chuma kilikuwa cha moto, hakuondoa mkono.

"Ulijua," akasema. "Papa, ulijua, na ukazunguka ndege."

"Nilizunguka mara mbili. Nilitaka kuzunguka mara ya tatu."

"Juu ya nini hukuniambia? Neno moja tu! Ningeshuka!"

"Najua ungeshuka. Nilikuwa nangoja ushuke wewe mwenyewe, kama nilivyozoea." Mzee alivua miwani, na bila miwani alionekana amechoka sana, mtu wa kawaida aliyekosea. "Hapa chini si angani. Ningesema. Ile iko yangu, nitaibeba. Yako iko ndani ya kitabu."

"Turudi, Papa. Turudi sasa hivi."

"Na mafuta gani?"

Hayakuwapo. Yaliyokuwamo yalitosha kwenda Entebbe, na Beni hapakuwa na pipa hata moja. Waliondoka alasiri. Aimé hakukaa kiti cha kuume mpaka mzee alipomwita mara mbili. Kesho yake mkaguzi alijumlisha kitabu kwa kalamu nyekundu: saa thelathini na tisa, dakika ishirini na tano. Alimwambia kwa heshima arudi mwezi wa kumi na moja.

Bunia ilikwisha kuwaka. Ndege za watu wa kawaida zilikatazwa, na kwa muda mrefu habari zilizofika Entebbe zilikuwa za redio tu, hesabu za waliokufa bila majina. Aimé alirudi mwezi wa tisa. Turubai la bluu halikuwapo. Nyumba ya Mama Scholastique pale Saio ilikuwa na watu wengine waliofunga mlango kabla hajamaliza kuuliza, na jirani mmoja alimwambia kwamba mama yule aliondoka na miguu, njia ya Komanda. Zaidi ya hapo hakujua, au hakutaka kujua.

Mwezi wa kumi na moja barua ya Papa Hubert ikafika kwa mkono wa dereva. Mzee alikuwa Beni na ndege. Jumatatu asubuhi angemrusha kijana dakika zile zilizobaki, jumatano angekuwa mbele ya mkaguzi. "Ni safari yangu ya mwisho ya kufundisha," aliandika. "Macho yameanza kukataa. Usichelewe."

Aimé akapanda lori, kupitia Komanda, kupitia vijiji ambavyo milango yake ilikuwa imeng'olewa. Oicha iko njiani kabla ya Beni. Alifika jumapili, akashuka kumtafuta Honorine. Alitaka kuuliza tu, halafu aendelee.

Alimkuta mwanamke wa umri wake akikoroga udongo kwa miguu, mbele ya nyumba isiyo na paa. Alipotaja jina lake, Honorine aliacha kukoroga.

"Weye njo Piloti?"

"Ndiyo."

"Alikuja," Honorine akasema. "Mwezi wa sita alifika hapa. Sikumujua. Mama yangu, nilifikiri ni bibi ya mutu mwingine." Alijifuta mikono. "Alikuwa na homa ya porini. Aliishi siku tisa."

Aimé alikaa chini palepale. Honorine hakusema kwa hasira, na labda hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu. Alisimulia kama mtu anayempa mgeni habari za jamaa yake. Ile siku ya ndege, alisema, watu wa Saio walikusanyika wakatoka pamoja mchana, wengi, kwa barabara kubwa ambayo bado ilikuwa wazi. Walimwita mama yake, wakamvuta hata mkono. Wote wale walifika Komanda salama. Yeye alikataa.

"Alisema, piloti wangu atanirudia kesho, nikiondoka atanitafuta wapi? Alikaa kwenye zile nyasi siku nne. Risasi zilikuwa zinapita, yeye iko pale. Alilinda hata nafasi, eti watu wasisimame karibu ya mizani, ndege ikikuja wa kwanza ni yeye. Siku ya tano njo aliingia porini na watu wa mwisho."

"Alisema nini juu yangu?"

Honorine alifikiri. "Alisema lazima kitu kilikupata. Alikuwa anakuombea."

Jioni ile Aimé hakuendelea na safari. Honorine alimpa ugali na sombe ya majani ya muhogo, akala. Asubuhi ya jumatatu aliamka akakuta bati kuukuu zimeegeshwa ukutani na fundi hajafika, akapanda ngazi bila kuulizwa. Mikono yake haikujua kazi ile. Alipinda misumari mitatu kabla ya mmoja kuingia. Wako wanaosema alijiadhibu, kwamba hakuna marehemu aliyefaidika kwa yeye kukosa mtihani, na huenda wana haki. Papa Hubert aliacha kuruka mwaka uliofuata, na hapakuwa na mwalimu mwingine wa kumrusha dakika zilizobaki wala wa kuzishuhudia zile saa kumi na tisa za Goma. Mlango ulifungwa na haukufunguliwa tena. Aimé huyajuta hayo nayo. Majuto yake hayachagui.

Jua lilipopanda, Honorine alisimama chini ya ngazi, kiganja juu ya macho.

"Jana ulisema uko na safari ya Beni leo. Kuna mutu anakungojea kule?"

Aimé alibaki na nyundo hewani.

Kisha alishuka haraka, akakimbia mpaka barabarani. Alisimamisha pikipiki ya kwanza, ikakataa; ya pili ilikuwa inakwenda Beni na madumu ya mawese. Alichana ukurasa wa nyuma wa kitabu chake cha saa, akauweka juu ya tangi la pikipiki, akaandika jina la mzee na mahali ndege ilipo. Kalamu ikasimama. Mwenye pikipiki akapiga honi.

"Kaka, sema basi! Nimwambie nini huyo muzee? Unakuja kesho?"

"Hapana," Aimé akasema. "Usimwambie kesho."

Akaandika: *Papa, siji. Usiningoje.* Akaikunja, akaitia mwenyewe katika mfuko wa shati la dereva, akafunga kifungo, akamfanya aahidi mara mbili kwamba ataifikisha kabla ya saa nne. Alisimama pale kando ya barabara mpaka vumbi lilipotua. Halafu akarudi kwenye paa, ambako bado kulikuwa na bati kumi na moja.